Tairi ya gari inakaa muda gani hapa Mombasa, na ni nini kinaimaliza mapema

Swali ambalo kila mtu huuliza akinunua tairi ni "hii itanipeleka kilomita ngapi?", na muuzaji ashajua unataka kusikia nini, atakwambia 80,000 bila hata kupepesa macho. Kwangu mimi hilo swali ni nusu tu. Tairi inakufa kwa njia mbili, kuna kuisha meno kwa kutembea na kuna kuzeeka mpira, na hapa kwetu pwani hii ya pili inamaliza tairi nyingi bila mtu kujua sababu hakuna anayeiangalia. Chukua mtu anayekaa Nyali na kazi yake iko Moi Avenue, gari inavuka daraja asubuhi inarudi jioni, wikendi labda afike Mtwapa, miaka saba imepita meno bado yamesimama na yeye anajisifu kabisa kuwa tairi zake nzima, lakini ukiinama ukaangalia ubavuni unaona nyufa nyembamba zimezunguka kama ngozi ya mkono uliopigwa na jua. Sasa huyo siku akiamua kupeleka familia Nairobi, 110 kwa saa mchana wa jua kule Taru, yuko kwenye hatari kuliko dereva wa teksi ambaye tairi zake hazimalizi hata miaka miwili.

Kwa hivyo ukitaka kujua tairi zako zimebakisha nini angalia vitu viwili, kina cha meno na mwaka wa kutengenezwa. Kile kitakachotangulia kuisha ndo kinachoamua.

Tuanze na meno

Tairi mpya ya gari ndogo hutoka na meno ya kina cha karibu milimita 8, na kikomo kinachotumika nchi nyingi ni milimita 1.6, yaani ukinunua tairi unanunua milimita sita na kitu tu za mpira wa kutumia, zile zingine ni za kubaki. Ukitazama ndani ya zile njia za maji za tairi utaona vijituta vidogo vya mpira vimelala kukatiza njia, hivyo ndo kipimo. Kuvipata rahisi, tafuta ubavuni juu karibu na bega pameandikwa TWI au pana kapembetatu kadogo, fuata hapo moja kwa moja mpaka kwenye meno utakiona. Meno yakilingana na kile kituta tairi imekwisha, hakuna cha "bado inavuta kidogo".

Ila mimi singojei 1.6, na mtu yeyote anayeendesha Mombasa mwezi wa nne na wa tano asingoje. Kazi ya yale meno ni kutoa maji chini ya tairi, na barabara ikiwa kavu hata kipara kinashika, tatizo ni ile siku mvua imepiga na maji yamesimama njiani unakanyaga breki gari inateleza tu juu ya maji stiaringi imekuwa nyepesi haishiki kitu. Ukifika milimita 3 anza kutafuta hela ya tairi mpya, usingoje masika ikukute.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo itakupa jibu kuliko la muuzaji yeyote. Nunua geji ya kupimia kina, ni kitu kidogo cha bei rahisi, au mwombe fundi wa tairi akupimie, halafu andika na namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Tuseme tairi ilianza na 8, umetembea kilomita 15,000 sasa iko 6. Umekula milimita 2. Mpaka ifike 3 umebakisha milimita 3, basi una kama kilomita 22,000 mbele yako ukiendelea kuendesha vilevile. Pima tairi zote nne, na kila tairi pima sehemu tatu, ndani, katikati na nje, sababu zikitofautiana hapo ndo utajua ugonjwa uko wapi, nitaueleza mbele.

Kwa wastani tairi nzuri ya gari ndogo, ikiwa upepo na alaimenti (yaani magurudumu kukaa yamenyooka) viko sawa, hufika kilomita 40,000 mpaka 60,000, na zingine hupita hapo. Gari zetu nyingi hizi, Vitz, Fielder, Demio, Axio, zinavuta kwa mbele, kwa hivyo zile mbili za mbele zinavuta, zinakata kona na kwenye breki uzito wote unazilalia zenyewe. Usishangae mbele kuisha wakati nyuma bado nusu. Hiyo si tairi mbovu, ndo kazi yake.

Kuna na namba ubavuni imeandikwa TREADWEAR halafu kitu kama 300 au 440. Hiyo ni ya mfumo wa Marekani, inalinganisha tairi na tairi ya kipimo iliyopewa 100, kwa hivyo 400 maana yake kwenye njia ya majaribio ilidumu mara nne. Lakini kampuni yenyewe ndo inayoipa tairi yake hiyo namba, kwa hivyo itumie kulinganisha tairi za kampuni moja, usiichukue kama kiapo. Na kawaida mpira mgumu unadumu sana ila kushika barabara yenye maji unakuwa nyuma kidogo, hakuna cha bure hapo.

Mwaka wa tairi

Tafuta neno DOT ubavuni. Mwisho wa ule mstari kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zote za kuanzia 2000 zinasomwa hivyo. Kitu kinachowachanganya watu ni kuwa ule mstari kamili wenye tarehe mara nyingi uko upande mmoja tu wa tairi, na fundi akifunga mstari huo unaweza kuishia upande wa ndani chini ya gari, kwa hivyo ukiona DOT lakini namba nne huzioni usiseme hazipo, chukua tochi ya simu lala chini uangalie upande wa pili.

Kuna siku nilikuwa na kijana mmoja ananunua tairi kwa mzee anayeuza pembeni ya barabara, tairi zimetundikwa nje zinawaka nyeusi.

"Ami, hizi za mwaka gani?"

"Mpya hizi mwanangu, si waona nywele zake?"

"Naziona ami, lakini nigeuzie nione upande wa pili."

Ikageuzwa, 1416. Wiki ya 14 mwaka 2016, na kwa mahesabu ya siku ile ishapita miaka sita. Mzee akasema haijatembea hata siku moja, na kweli haikuwa imetembea, zile nywele za mpira zinaonyesha hilo tu, kwamba haijagusa lami. Mwaka hazikuambii.

Hapa watu hubishana sana. Tairi iliyokaa stoo ya giza, hakuna joto, haijapigwa na jua, mwaka mmoja au miwili sio neno, mimi naichukua. Lakini tairi iliyoning'inia nje kwenye jua la Mombasa huku inapakwa dawa ya kung'arisha kila asubuhi, hiyo inazeeka pale pale kwenye kamba. Mpira unaharibiwa na joto, na jua, na hewa yenyewe, na kampuni hutia nta na dawa ndani ya mpira zinazopanda juu polepole kuukinga, na kinachozisukuma zipande ni tairi kuzunguka na kujikunja barabarani. Ndo maana gari iliyoegeshwa mwaka mzima tairi zake hupasuka nyufa haraka kuliko gari inayotembea, mtu wa ng'ambo anaacha gari kwa ndugu Bombolulu anarudi anakuta meno mapya na ubavu umekauka.

Miaka mingapi basi? Michelin wanasema baada ya miaka mitano ya kutumia ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika miaka 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama yaonekana nzima. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema miaka sita. Mimi kwa joto la hapa, kwa gari inayolala nje bila kivuli, nachukua hiyo sita. Kama gari inalala ndani na haiendi safari ndefu unaweza kuongeza kidogo ila uwe unaangalia ubavu. Nyufa nyembamba za juu juu ni za kuchunga, nyufa ambazo ukucha unaingia ni za kutupa.

Na ukitoa gari bandarini usidhani tairi zake ni mpya kwa sababu "gari ni mpya". Sheria inaruhusu gari isiyozidi miaka 8, kwa hivyo gari ya miaka saba inaweza kuja na tairi za umri wowote. Tena angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS au pana alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani. Hizo ni tairi za baridi kali za Japani, mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye barafu, sasa ukizileta kwenye lami ya Mombasa mwezi wa pili zinasagika mbele ya macho yako na gari inayumba kwenye kona. Watu wanaona meno makubwa ya kupendeza wanafurahi. Badilisha.

Upepo, hapa ndo pesa inapopotelea

Kama utafanya kitu kimoja tu katika yote haya, kiwe kupima upepo. Tairi yenye upepo mdogo inakanyagia mabega, pembeni mbili zinaisha katikati kumebaki, ubavu unajikunja kila mzunguko na ule mkunjo unatoa joto, na joto ndo linaloachanisha tairi ndani. Zile tairi unazoona zimefumuka vipande vipande kando ya barabara ya Nairobi kutoka Mariakani mpaka Voi, nyingi sio za kuchomwa na msumari, ni upepo mdogo na mzigo mzito na spidi na jua. Ukizidisha upepo nayo inavimba katikati, katikati kunaisha, na kila shimo unalolikanyaga unalisikia kwenye meno yako wewe mwenyewe.

Kipimo sahihi hakiko kwenye tairi. Ile namba iliyoandikwa ubavuni, kama 44 au 51 psi (psi ni kipimo cha upepo), ni kikomo cha tairi yenyewe, sio cha gari lako, na kuna watu wa pancha wanaijaza hivyo hivyo. Kipimo chako kiko kwenye kibandiko, fungua mlango wa dereva angalia kwenye nguzo. Sasa gari zetu ni za Japani na kibandiko ni cha Kijapani, usiogope, tafuta saizi ya tairi yako, kwa mfano 185/65R15, pembeni yake kuna 220 au 230 au 240, hiyo ni kPa, na kuna 2.2 au 2.3, hiyo ni kile kipimo chao kingine. 220 ni kama 32 psi, 230 ni 33, 240 ni 35. Na ukute tairi ulizofunga sio saizi ile ya kibandiko, muulize fundi anayejua badala ya kubahatisha.

Pima asubuhi gari halijatembea au limetembea kidogo sana. Tairi ikipata moto upepo unapanda psi nne hivi, na mtu anasimama petroli stesheni saa nane mchana baada ya kutoka Malindi, anapima anaona 36, anaambiwa punguza mpaka 32, anapunguza, kesho asubuhi iko 28. Hilo ndo linalofanyika kila siku. Tairi yenyewe hata bila pancha inapoteza kama psi moja au mbili kwa mwezi, kwa hivyo mara mbili kwa mwezi inatosha, na siku moja kabla ya safari ndefu. Nunua geji yako, za petroli stesheni zimeangushwa mpaka zimechoka na hujui ipi inasema kweli. Na yule fundi anayepiga teke tairi anakwambia "iko sawa hiyo bosi", tairi za kisasa zinaweza kupungukiwa na upepo mwingi na kwa macho usione kitu, teke halijui psi.

Ukiona tairi moja inashuka kila wiki na pancha haionekani ndani ya maji, usikimbilie kuibadilisha. Hapa pwani chumvi inakula rimu pale tairi inapokaa, upepo unatoka taratibu kwenye ukingo. Fundi aitoe tairi, asugue kutu, asafishe, afunge upya, na valvu ya mpira aibadilishe hapo hapo maana ni kitu cha shilingi chache na nayo inapasuka kwa jua. Mara nyingi mchezo unaishia hapo.

Watakwambia uweke naitrojeni. Hewa ya kawaida ni asilimia 78 naitrojeni tayari. Inasaidia kidogo upepo usitoke haraka, haina ubaya, lakini ukiwa na geji na mazoea ya kupima huna haja ya kulipia.

Soma tairi kwa mkono

Sasa rudi kwenye zile sehemu tatu ulizopima. Mabega yote mawili yameisha, ni upepo mdogo. Katikati kumeisha, ni upepo mwingi. Upande mmoja tu umeisha, hasa wa ndani ambao huuoni mpaka uinamishe kichwa au uzungushe stiaringi mpaka mwisho, hiyo ni alaimenti au kuna kiungo cha gurudumu, bushi au boljointi, kimekufa na gurudumu limelala. Hii ya ndani ni mbaya sababu kwa nje tairi inapendeza na kwa ndani nyuzi za waya zishaanza kutoka.

Halafu pitisha kiganja juu ya meno, kwanza kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi. Ukisikia upande mmoja ni laini na ukirudi ni kama msumeno unakukwaruza, tairi inaburutwa, alaimenti ya mbele haiko sawa. Fanya taratibu kama kuna waya umetoka utakuchana. Na ukikuta mabaka, hapa pameliwa hapa hapajaliwa, kuzunguka tairi yote, gari inaruka na shoki zimekufa, au balansi imetoka, yaani uzito wa gurudumu hauko sawa pande zote. Stiaringi ikitetemeka ukifika 80 au 90 halafu ikatulia ukizidisha, anza na balansi maana ni rahisi.

Alaimenti inatoka kwa mashimo na matuta, na Mombasa havijapungua. Ukipiga shimo kweli kweli, au stiaringi imekaa pembeni wakati gari inaenda sawa, au gari inavuta upande mmoja, nenda kacheki siku hiyo. Kama hakuna kitu, mara moja kwa mwaka na kila ukifunga tairi mpya. Lakini usikubali mtu akufanyie alaimenti juu ya boljointi na tairodi zilizolegea, ni kutupa hela, kwanza vinavyocheza vibadilishwe halafu ndo ipimwe, fundi mzuri atakwambia hivyo mwenyewe kabla hujauliza.

Njia unazopita nazo zina deni lake. Kabro za mitaani hazina neno kwa tairi yenye upepo, ila zile barabara za ndani za Kisauni na Utange ambapo jiwe la matumbawe limechomoza, lile jiwe ni kali, linakata ubavu, na ubavu ukikatwa hauzibwi. Pita taratibu na usisugue tairi kwenye ukingo unapopaki. Njia ya malori Changamwe mpaka Miritini unaokota misumari na vipande vya chuma, cheki meno mara kwa mara. Na barabara ikijaa maji huoni shimo, unaingia kwa spidi, kesho yake unaona ubavu umetoa nundu. Ile nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kinachozuia upepo pale ni mpira mtupu. Haina dawa, usimsikilize anayekwambia itaendelea tu, iondoe siku hiyo hiyo.

Mguu wako nao umo. Ukitoka kwa nguvu kila taa, breki za ghafla, unaingia raundabauti kama unafukuzwa, unauza mpira wako barabarani.

Kuzungusha, kununua mbili, na mambo ya mitumba

Kila kilomita 8,000 mpaka 10,000, ambayo kwa wengi ni kila sevisi ya pili, zungusha tairi. Gari ya kuvuta mbele, za mbele zinaenda nyuma upande ule ule, za nyuma zinakuja mbele zikipishana, ya kulia inakwenda kushoto na ya kushoto kulia. Tairi yenye mshale ubavuni haipishanishwi, inabaki upande wake, mbele na nyuma tu. Ukifanya hivi zote nne zinaisha pamoja na hutakuwa kila mwaka unatafuta mbili mbili.

Ukinunua mbili tu, funga mpya nyuma. Najua fundi atakukatalia, na watu wengi wanaona mpya ziende mbele kwenye stiaringi. Lakini kwenye maji, mbele ikiteleza unaachia mafuta taratibu gari inarudi, nyuma ikiteleza gari linageuka na wewe na dereva wa kawaida haliokoi. Kampuni kubwa za tairi zinasema hivyo hivyo. Na gari ya kuvuta zote nne, Subaru au Probox ya 4WD, usichanganye mpya na zilizoisha, tairi zikitofautiana mzunguko zile gia za kugawa nguvu zinafanya kazi muda wote hazipumziki, mwisho unatengeneza kitu cha bei kuliko tairi nne. Fungua kitabu cha gari uone wanaruhusu tofauti kiasi gani.

Za mitumba sitakwambia usinunue, hali ya mfuko naijua. Angalia mwaka kwanza, ikipita miaka minne iache. Ingiza mkono ndani ya tairi upapase, ukikuta vipachiko vingi au mpira wa ndani umekunjamana ilishatembea bila upepo, hiyo iache. Halafu kuna za kuchonga, mtu anachukua tairi imeisha anaikata meno mapya kwa kisu cha moto. Utaijua kwa sababu vile vijituta vya ndani ya njia havipo au vimekatwa, na mistari haijanyooka. Tairi ya gari ndogo haikutengenezwa kuchongwa, chini ya pale ni nyuzi tu, bora upande matatu mpaka upate hela.

Pancha nayo, inazibwa kama iko kwenye meno na tundu halizidi milimita 6. Begani au ubavuni haizibwi. Ile kamba ya haraka inakufikisha, lakini kwa tairi ya kwenda safari mwambie fundi aitoe apachike kwa ndani. Na ukipeleka gari kuoshwa waambie vijana wasikupakie dizeli kwenye tairi, inang'aa siku hiyo na inakula mpira.

Tairi mpya zikifungwa endesha pole kilomita 100 za kwanza, zinatoka na utelezi wa kiwandani, na baada ya siku chache kaza nati tena.

Spea

Watu wanabadilisha nne wanaisahau ya tano. Spea haitembei lakini miaka inahesabu kwake pia, na kukaa kwenye buti la gari lililosimama juani si kivuli kile. Isome DOT kama zingine, pima upepo kila mara unapopima zile nne, maana spea bila upepo utaijulia usiku Mazeras. Kama ni ile nyembamba ya muda, inataka upepo mwingi, 60 psi, kwenye kibandiko utaona 420, na spidi isizidi 80. Ni ya kukufikisha kwa fundi, sio ya kuzunguka nayo wiki nzima. Gari ya kuvuta mbele ikipata pancha ya mbele, bora utoe ya nyuma nzima uiweke mbele halafu hiyo nyembamba ikae nyuma, ni kazi mara mbili lakini stiaringi na breki zitakuwa na tairi ya kweli.

Ukimaliza jaribu jeki nyumbani uone inapanda, jaribu wili spana uone inaingia kwenye nati zako, na kama rimu zako zina nati ya kufuli hakikisha ufunguo wake uko ndani ya gari, sio kwenye droo ya nyumbani.